Chikanda ya Nyumba, Chikanda ya Wafu

Usinikunjie pua kabla sijasema. Solange, mjukuu wangu, wiki iliyopita ulieneza magazeti juu ya meza yangu ya kulia, ukapanga juu yake majani makavu ya mlimani kama samaki wa kuanikwa, na nilipokuambia kwamba naweza kuitenga chikanda na ndugu yake kwa vidole, macho nimefumba, ulitabasamu. Tabasamu lile nalijua. Ndilo mnalofundishwa kule chuo kikuu kwa ajili ya wazee. Mimi nilisoma mpaka mwaka wa tano wa shule ya msingi, na mwaka wa tano ulinitosha kumjua mtu anaponiona mjinga. Basi kaa. Shaka yako iweke mfukoni mpaka nimalize. Na mwingine yeyote anayesoma haya, yeye pia afunge mdomo.

Nilipokuwa mtoto tulikaa hapahapa Lubumbashi, kwenye nyumba za wafanyakazi wa reli, maana baba yangu alikuwa mtu wa reli. Alikufa kwa kifua nikiwa na miaka saba. Nyumba ilikuwa ya kazi, na kazi ilipokwisha nyumba nayo ikapewa mwingine. Tulibaki watatu: mama, mimi, na Filipo, mdogo wangu, ambaye alikuwa bado mgongoni. Mama akatufunga na mabunda yake, tukapanda lori kwenda kwa watu wa baba, milimani upande wa Mitwaba, kumaliza matanga. Alidhani tutakaa mwezi mmoja. Tulikaa misimu miwili ya kiangazi.

Kwa nini tulikaa, sikiliza vizuri, kwa sababu mengine yote yametoka hapo. Mama alikuwa mtu wa Kilwa, si ile ya pwani bali hii ya kwetu, mtu wa ziwa. Kwa watu wake mtoto ni wa mama na wa wajomba. Kwa watu wa baba mtoto ni wa ukoo wa baba, na mwanamke aliyemzaa ni njia tu aliyopitia. Matanga yalipokwisha, mama akasema anarudi kwao na watoto wake. Nkambo, yaani mama ya baba, akasema, "Weye rudi. Bana beko kwabo." Yaani watoto wako kwao tayari. Mama hakuweza kutuacha, na Nkambo hakuweza kumfukuza bila sababu, kwa kuwa hata mlimani mjane hafukuzwi hivihivi. Wakaishi pamoja, kila mmoja akingoja mwenzake achoke. Mama alituma ujumbe kwa kaka yake kwamba kiangazi kitakachofuata aje kutuchukua. Nkambo aliusikia ujumbe huo kabla haujafika hata mtoni.

Sasa chikanda. Wewe unaiita kwa jina refu la kizungu, na sikukatazi. Sisi tulikuwa na majina mawili. Juu kule kwenye uwanda wa mlima, mahali ambapo miti inaisha na nyasi zinabaki na upepo wake, kuna maua yanayoota wakati wa mvua, na chini ya kila ua kuna viazi viwili vidogo. Kimoja kizee, cheusi, kimekunjamana. Kingine kipya, kimenona, cheupe ndani. Mnachimba, mnakichukua kipya, mnamenya, mnaanika, mnatwanga na karanga na pilipili, mnapika na maji ya majivu mpaka kinashikana kama mkate, mnakata vipande. Hiyo ndiyo chikanda, na hapa mjini mnaila kwa pesa bila kujua ilivyouma mgongo wa mtu.

Lakini mlimani ziko mbili, na zinafanana kama mapacha. Moja Nkambo aliiita ya nyumba. Nyingine aliiita ya wafu, ya bafu kwa ulimi wake. Ya wafu ni chakula cha waliokwisha kwenda. Mtu akiichimba akaitia chunguni amewaibia, nao hawadai kiazi kwa kiazi: kabla ya mvua kurudi, wanachukua mtu mmoja wa nyumba ile. Mmoja tu. Hivyo tuliambiwa, na hivyo nilivyoamini, kama nilivyoamini kwamba moto unachoma.

"Angalia mukia," Nkambo alinifundisha, amechuchumaa kando yangu, kidole chake kigumu kama mzizi kikigeuza ua. "Ua ya nyumba iko na mikia mbili. Ya bafu iko na mukia moja. Mukia moja, acha."

"Na kama ua imeanguka?"

"Angalia majani. Yetu inalala chini, majani mbili, sawa muntu mwenye kuchoka. Yabo inapanda na muti yake."

"Na kama majani imekufa?"

"Ni vidole. Vunja kiazi, vuta. Yetu inatoa uzi murefu, inateleza sawa mate ya ng'ombe. Yabo uzi inakatika mbio." Kisha akatazama upande aliokuwa mama, akaongeza kwa sauti iliyopanda kidogo, "Na muntu asiye na vidole akae nyumba, atwange."

Maana kulikuwa na desturi. Mwanamke hakuruhusiwa kuchimba chikanda ya chungu cha nyumba mpaka mama mkwe ampe mikono. Alimwagiwa mikononi maji yaliyooshea viazi, mara tatu, mbele ya wanawake wengine, kisha mama mkwe akasema, "Mikono hii inaona." Wake wote wa ukoo ule walipewa mikono mwaka wa kwanza. Mama alipita mwaka wa kwanza, hakupewa. Mwaka wa pili, hakupewa. Alitwanga. Alitwanga viazi vya wengine mpaka viganja vikawa na ngozi ya kobe.

Shangazi yangu Veronika, mdogo wa baba, alikuwa msichana wa miaka kumi na sita wakati ule, mwenye meno mazuri na ulimi mbaya. Alikuwa akipita karibu na kinu na kumchokoza.

"Bibi ya kaka, kule kwenu munachimbaka nini?"

"Tunachimbaka samaki," mama akajibu bila kuacha kutwanga. "Na samaki haingojake bakupe mikono."

Wanawake wakacheka, hata Veronika. Nkambo hakucheka.

Kiangazi kile cha pili, mimi nikiwa na miaka tisa, Nkambo aliniita mbele ya wanawake wote akanimwagia maji mikononi. Mara tatu. Miaka tisa! Hakuna msichana aliyewahi kupewa mikono katika umri huo. Akasema, "Mikono hii inaona. Huyu ni damu yetu." Mama alikuwa pale, ameshika mtwango. Wanawake walipiga vigelegele, na mimi, mjinga, nilisimama nimevimba kama chura. Sikuona kwamba nilikuwa fimbo anayopigwa nayo mtu mwingine. Au niliona. Mtoto wa miaka tisa anaona mambo mengi na anachagua lipi asilione, sawasawa na mtu mzima.

Wiki iliyofuata nikaenda kuchimba peke yangu. Wawindaji wa panya walikuwa wamechoma nyasi upande mmoja wa mteremko. Sheria ilikuwa kwamba mahali palipoungua hapachimbwi mwaka huo, kwa sababu moto umekula ua, umekula majani, umekula hata shina, na chini hujui nani ni nani. Lakini pale udongo ni laini na vishimo vinaonekana. Nikataka kurudi na kapu limejaa kabla jua halijafika katikati, ili waseme, kumbe ni kweli, mikono inaona. Viazi kumi vya kwanza nilivijaribu kwa vidole, nikavunja, nikavuta. Kumi vingine nilivijaribu nusu. Kulikuwa na baridi, vidole vilikuwa vimepasuka, vimejaa masizi. Vilivyobaki niliviambia tu kwamba ni vyetu, vikanyamaza, nikavitia kapuni.

Nyumbani Nkambo alipiga magoti kwenye mkeka, kama alivyofanya kwa kila kapu la kila mtu. Akavunja kimoja, akavuta. Akavunja kingine, akavuta, akakaa nacho mkononi muda mrefu kidogo. Akaniangalia.

"Ulichimba wapi?"

"Ku mawe," nikasema. Uongo wa kwanza.

"Eya." Akavirudisha vyote viwili mkekani. "Anika."

Nikapumua. Nilijiambia: kama Nkambo hakuona, basi hakuna. Viazi vikakauka, mama akavitwanga, ikapikwa. Tulikula watu tisa. Filipo alikula kipande chake na nusu ya changu, mdomo wote mwekundu kwa pilipili, analia na bado ananyoosha mkono anataka tena. Alikuwa na miaka miwili na kitu.

Siku nne baadaye homa ikampata. Alikuwa wa moto hivi kwamba mama alimlowesha na nguo ikakauka mgongoni mwake kama imepigwa pasi. Siku ya pili ya homa macho yalianza kugeuka. Zahanati ilikuwa mwendo wa siku nzima kwa miguu, chini, kwenye barabara. Mama alimfunga mgongoni asubuhi, akachukua kibuyu cha maji, akafika mpaka mwisho wa kiwanja. Nkambo alisimama mbele yake. Si mwanamke mkubwa. Alisimama tu.

"Uko naenda wapi na mutoto?"

"Ku dispensere, mama."

"Dispensere iko ku barabara. Na barabara inaenda mupaka Kilwa."

"Mama, mutoto anakufa."

"Muache Yuli hapa."

"Yuli anabaki. Njo ule pale, anabaki. Niache nipite na huyu."

"Huyu ni mwanaume ya ukoo," Nkambo akasema. "Ukipita naye, hautarudi. Sisi tuko na dawa."

Wanaume wawili wa ukoo walikuwa wamesimama nyuma ya Nkambo, wameziba njia. Mama aliwatazama mmoja baada ya mwingine. Kisha akarudi ndani. Walimpa Filipo dawa ya majani, walimfukiza, walimkanda. Siku ya tatu alfajiri alikuwa amekwisha.

Nimekuambia nitasema yote, basi nasema na hili: sikulia. Nilikuwa nafikiria mteremko ulioungua.

Baada ya kumzika, Nkambo akauleta mkeka wenye viazi vilivyokuwa vimebaki bila kutwangwa. Akauweka katikati ya kiwanja, mbele ya watu wote wa ukoo. Akavunja viazi, kimoja kimoja, akavilowesha kwa maji, akavuta. Kila kiazi ambacho uzi wake ulikatika alikiweka kando. Rundo likakua.

"Hii ni ya bafu," akasema. "Balikuja kukamata yabo. Muntu asiye na mikono alitia mukono mu kapu hii." Kisha akanigeukia, na sauti yake ikawa laini kama alikuwa ananipa asali. "Yuli, mwana wangu. Weye niliyekupa mikono. Ulichimba peke yako, ao kuna muntu alikusaidia?"

Unaelewa, Solange? Mlango wa kutokea alinifungulia yeye mwenyewe, nami nilikuwa na miaka tisa, na nilijua hakika kabisa kwamba nimemuua ndugu yangu. Nikapita.

"Mama alinisaidia," nikasema.

Mama alikuwa ameketi chini kando ya ukuta, kichwa kimenyolewa, majivu usoni. Hakuwa amekanyaga mteremko ule hata siku moja. Alinyanyua kichwa akaniangalia. Si kwa muda mrefu. Aliniangalia kama mtu anavyoangalia mzigo kabla ya kuubeba, kujua una uzito gani.

"Ni miye," akasema. "Nilichimba na yeye. Sikujua."

Kelele zilizofuata sizikumbuki vizuri. Nakumbuka Veronika akipiga kelele kuliko wote. Nakumbuka kofi moja, lakini sikumbuki la nani. Walimpa mpaka kesho yake. Kaka yake, mjomba wangu, alikuwa tayari njiani, alikutana naye akishuka mlima. Alikuja kuchukua watu watatu akamchukua mmoja. Asubuhi ile mama hakunikumbatia. Alifunga kitenge chake, akaniambia, "Ukule vizuri," na akaenda. Nilikuwa na miaka tisa na nilifurahi kwamba hakuutaja uongo wangu. Hiyo ndiyo furaha ninayoijua vizuri kuliko zote maishani mwangu, na ni chungu.

Kila kiangazi baada ya hapo lilifika bunda la samaki waliokaushwa, kwa mkono wa wachuuzi, kutoka ziwani. Hapakuwa na barua, mama hakujua kuandika. Nkambo aliligawa kwa nyumba zote. Wale waliomwita muuaji walikula samaki wake wakalamba vidole. Mimi nilikula pia, maana njaa haina aibu. Miaka mitano. Mwaka wa sita bunda halikuja, na mchuuzi akasema yule mama wa Kilwa alizikwa wakati wa mvua.

Mimi niliolewa na mtu wa Lubumbashi, nikarudi mjini, nikazaa, nikamzika mume, nikabaki hapa mtaa wa Makomeno. Lakini mikono niliyopewa haikutoka. Sokoni wauza chikanda wananijua. Naingiza vidole kwenye beseni, navunja, navuta, natenga. "Ile ya kwako imechanganyika, mama," namwambia muuzaji. Mmoja alinijibu, "Mama, kama unaogopa chakula, kula mawe." Nilikuwa nawaona watu wananunua kutoka mabeseni yaliyochanganyika, wanakula palepale wamesimama, wanajifuta mdomo, wanaenda kazini. Kesho yake nawaona tena. Unajua nilijiambia nini? Nilijiambia labda ni mtu mwingine wa nyumba yao aliyekufa, sikumjua tu. Miaka yote hiyo. Mtu akitaka kuamini kitu, Solange, hahitaji msaada.

Kisha wewe ukaja na magazeti yako. Ulikuwa umerudi kutoka uwanda wa juu na viazi vibichi kumi na viwili kwenye mfuko, umeviandikia namba. Nikakuambia unifunge macho. Ulinifunga mwenyewe na kitambaa cha kichwa. Nilivunja, nilivuta, nikaweka huku saba, huku vitano. Ulikagua namba zako. Ulikagua tena. Hukutabasamu.

"Nkambo, zote kumi na mbili. Sawasawa," ulisema, maana kwako Nkambo ni mimi. "Sisi tunahitaji maua na kioo cha kukuzia. Weye unafanya namna gani?"

Kwa dakika hiyo moja nilikuwa mwenye furaha, nakiri. Basi nikakueleza. Hii ya nyumba, hii ya wafu, anayeila ya wafu anapoteza mtu. Na kwa kuwa ulikuwa umeniheshimu nikakusimulia habari ya Filipo, bila sehemu yangu.

Halafu uliuliza kwa upole, upole uleule wa chuo ambao ulitaka kunifanya nikupige, "Nkambo, mulikula bantu ngapi ile siku?"

"Tisa."

"Na mutoto alianza homa nyuma ya siku ngapi?"

"Nne."

"Na bengine nane?"

Kisha ukasema kwamba ni kweli hizo ni mbili, si moja, ndugu wa karibu sana, na kwamba wengi waliosoma wanazichanganya. Lakini zote mbili zinaliwa. Kule kwa watu wa ziwa, ukasema, hawatengi kabisa, wanachimba zote na kutia chungu kimoja. Hujawahi kusikia mtu aliyedhurika. Homa ile, ukasema, ilikuwa homa ya mbu, au surua, na dispensere ingeweza kumponya, labda. Ulisema "labda" kwa kunihurumia.

Hiyo sehemu uliiona. Inayofuata hukuiona, ndiyo maana nakusimulia.

Siku ya pili yake nilichukua viazi viwili kwenye mfuko wako, kimoja cha kila rundo, nikavifunga kwenye leso, nikapanda teksi kwenda mtaa wa Katuba, kwa tantini, shangazi Veronika. Ndiyo, yuko hai. Ndiye peke yake aliyebaki kati ya wote waliokuwa kiwanjani siku ile. Ana zaidi ya miaka themanini, haoni ila vivuli, anakaa chumba cha nyuma kwa binti yake, na ulimi wake bado ni mzima.

"Nani?" akauliza.

"Yuli."

"Yuli gani? Ule mwenye kichwa kikubwa?"

"Kichwa kilekile, tantini."

"Ingia. Funga malango, upepo itaniua mbele ya Mungu kuniita."

Niliingia, nikakaa kwenye kigoda, nikamtilia viazi mkononi. Hakuuliza ni nini. Alivinusa. Akavunja kimoja kwa ukucha, akavuta, akavunja cha pili, akavuta.

"Ya nyumba," akasema, akanirudishia. "Na hii ni ile ingine."

"Ile ingine, jina yake ni nani?"

"Unajua jina yake."

"Sema, tantini."

"Ya bafu." Akacheka kidogo, pua tu. "Ni bikulu, bazee ba zamani, balisemaka vile. Mwaka ya njala tulikulaka yote mbili."

Nilikuwa nimejiandaa, na bado nilihisi kama nimekanyaga ngazi isiyokuwepo. "Mwaka gani ya njala?"

"Mbele ya weye kuzaliwa. Kila kintu ilikufa ku mashamba. Mama mwenyewe alitutuma: mukamate yote, yenye mikia mbili, yenye mukia moja, hata yenye haina. Tulikula miezi tatu. Hakuna muntu alikufa." Alifikiri. "Ile ingine inapikwa mubaya. Haishikane. Njo maana hatukuipenda."

"Na Nkambo alijua."

"Ni yeye alipika."

Upande wa pili wa ukuta binti yake alikuwa anaosha sufuria. Nilisubiri mpaka sauti itulie.

"Ile siku nilileta kapu," nikasema. "Ku mukeka."

"Alizionaka palepale. Alikuja kuniambia: Vero, mutoto amechanganya, amechimba kule kwa moto. Nyamaza, haifanye kintu. Haikufaa bantu bajue, ju ni yeye alikupa mikono."

"Sasa nyuma yake? Alipoleta mukeka mbele ya bantu? Ju ya nini?"

Alipapasa blanketi lake, akatafuta ukingo, akaupata.

"Yuli, mutoto alikuwa amekufa. Bantu banasema mu kijiji: kwa nini hamukumuacha mama yake aende ku dispensere? Banasema kila pahali. Na mujomba yako anakuja. Basi muntu moja alipaswa kuwa amemuua. Ao ni chikanda, ao ni mama yangu."

"Ao ni mama yangu," nikasema mimi, nikimtaja wangu.

"Mama yako alikuwa mugeni," Veronika akasema, kama mtu anayeeleza kwa nini mvua inanyesha. "Na tulitaka bana. Filipo ameshaenda, ulibaki weye. Tungefanya nini, tukupoteze na weye?"

Akadhani sikuelewa, au akadhani nimeanza kulia, maana alinyoosha shingo kuelekea upande wangu na macho yake meupe.

"Usiniangalie vile."

"Haunione hata namna ninakuangalia."

"Ninasikia. Sasa sikia na weye. Mama aliuliza. Ni weye ulijibu. Hakuna muntu alikupiga, hakuna muntu alikushika shingo. Ulisema mama yako, na sisi bote tulijua unabeya, unasema uongo, na yeye alijua, na alikubali. Ule muchana mzima hakukuwa muntu ata moja alisema kweli. Weye ulikuwa kidogo, lakini ulikuwa hapo."

Naye, Solange, ana haki. Hilo ndilo linaloniuma, kwamba mwanamke yule aliyempigia mama yangu kelele kuliko wote aliniambia sawasawa. Nilikwenda Katuba kutafuta mtu mmoja wa kumtundikia jambo lote kisha nirudi nyumbani nilale. Nkambo alinifundisha vizuri kutenga. Mikia, majani, uzi. Mimea ile kweli ni miwili, hata wewe na vioo vyako umekubali. Lakini kwa watu sikufundishwa, na nilipokaa pale nikijaribu kutenga, hapa mwenye kosa, hapa asiye na kosa, nyuzi zote zilivutika sawa. Nkambo aliyezuia njia kwa sababu alimpenda mjukuu wake. Veronika aliyenyamaza. Mimi niliyesema. Mmoja tu ndiye aliyekuwa upande wa pili peke yake, na huyo sikumwomba radhi nilipokuwa na nafasi, miaka mitano yote, wakati samaki wake wanafika na kinywa changu kinawatafuna.

Hakuna aliyemchukua Filipo ila homa na watu wazima waliokuwa wanagombania mtoto ni wa nani. Nimeliogopa ua la mkia mmoja tangu nina miaka tisa, nikalikwepa sokoni, nikawakataza watoto wangu. Halikuwa na kosa lolote.

Veronika alikuwa anapapasa mkono wangu. "Uko unaenda? Kaa. Bukari iko inasongwa. Mutoto amenunua sombe, majani ya muhogo."

"Sina njaa, tantini."

"Utarudi lini?"

Nilimtazama. Mwanamke mzee kwenye chumba kidogo, nywele zake zimebaki chache kama nyasi za mawe, na hajui hata kama mimi nimesimama au nimekaa. Viazi nilimwachia kwenye blanketi. Nikatoka nje, nikafunga mlango.